Hukuniuliza Mimi

"Ni zawadi?" aliuliza mwenye duka, mkono wake tayari umeshashika karatasi ya kufungia.

Fumie aliitazama ile sweta juu ya kaunta. Ilikuwa ya sufu laini, rangi ya chungwa lililoiva, rangi ambayo kwao Matsumoto hakuna aliyewahi kumwona nayo.

"Ndiyo," alijibu. Kisha akashtuka kwa jibu lake mwenyewe. "Hapana. Hapana, ni yangu."

"Yako! Basi ya kufungiwa nini? Ivae uende nayo, dada. Nje kuna baridi ya kukata masikio."

Dada! Fumie Tachikawa alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, mama wa mtoto mmoja na bibi wa mjukuu mmoja. Hakuna muuza duka aliyemwita dada tangu mwanawe aanze shule. Aliingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akavua fulana yake ya kijivu, akaivaa ile sweta, na alipojitazama kwenye kioo uso ulimwiva kama msichana aliyekutwa anajipodoa kwa siri.

Tangu aolewe alikuwa akiingia madukani na kutoka na vitu vya watu wengine. Soksi za marehemu mumewe. Viatu vya mpira vya Yoshiki, mwanawe. Siku hizi nepi za mjukuu. Hii ndiyo mara ya kwanza kusafiri peke yake, na hii ndiyo mara ya kwanza kutoka dukani akiwa amevaa alichokinunua.

"Mama, unasafiri na nani?" Yoshiki alikuwa amemuuliza juzi.

"Peke yangu."

"Peke yako kwenda wapi?"

"Onomichi."

Mwanawe alikunja uso. Alijua vizuri nani anaishi Onomichi.

Mtaa wa maduka, na paa lake refu la vioo, ulikuwa bado umechangamka. Wanafunzi walikuwa wamesimama mlangoni pa duka la keki wakila kwa kupokezana, na kutoka kwenye kibanda cha tambi harufu ya mafuta ya nguruwe ilikuwa ikimvuta kila apitaye. Fumie alipita haraka kwenye kona moja bila kugeuza shingo. Pale konani palikuwa na karakana ndogo ya mikoba ya turubai, na juu ya mlango jina la Murakoshi. Taa ilikuwa imezimwa.

Afadhali, alijiambia. Kesho. Kesho asubuhi, nywele zikiwa zimetengenezwa na maneno yakiwa yamepangwa. Leo ni kununua chakula tu. Pale hosteli, binti mwenye nyumba aitwaye Natsuho alikuwa amemwambia jiko ni la wote, na kwamba supamaketi ya mwisho wa mtaa hushusha bei ya samaki jioni.

Na kweli, alipofika aliwakuta akina mama wamelizunguka jokofu la samaki, kila mmoja akijifanya anatazama kitu kingine, huku macho yote yakimfuata mfanyakazi aliyekuwa akibandika stika za nusu bei. Fumie alijipenyeza. Aliona pakiti ya samaki, vipande vya kichwa na shingo, vinene, vyenye mafuta. Akanyoosha mkono.

Mkono mwingine ulinyooshwa pamoja na wake.

Aliutambua mkono ule kabla ya kuuona uso. Kidole gumba kipana, kilichochomwa na sindano miaka na miaka mpaka kikaota sugu. Kwa mwaka mzima mwenye mkono ule alikuwa akimpigia simu kila jioni. Moyo ulimpiga pa!

"Tachikawa-san," alisema Seiji Murakoshi.

Tachikawa-san! Jina la ukoo na -san ya heshima, kama karani wa benki anapoita mteja. Mtu aliyekuwa akimwita Fumie mpaka jina hilo likawa jipya masikioni mwake.

"Murakoshi-san," Fumie akamrudishia, kama anayerudisha kofi.

Seiji alikuwa amekonda. Kwenye kikapu chake mlikuwa na kipande kimoja cha samaki wa kukaanga, tofu ndogo moja ya soya na bia moja. Chakula cha mtu mmoja anayekula amesimama. Fumie alikiona kile kikapu na akamwonea huruma, lakini hasira ilikuwa imetangulia, na hasira ndiyo iliyosema.

"Umekonda."

"Wewe hujakonda," alisema Seiji, kisha akataka kuyameza maneno yake. "Nataka kusema, unaonekana vizuri. Hiyo rangi... Umekuja na Yoshiki-san?"

"Nimekuja na miguu yangu."

"Kwa shughuli?"

"Kununua samaki."

Mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu alicheka puani, akajifanya anakohoa. Seiji alishusha sauti.

"Ungenipigia simu, nijue unakuja."

"Nimekupigia. Mwezi wa tano nimepiga, mwezi wa sita nimepiga. Simu yako inajua kuita, haijui kuitika."

"Fumie..." Jina lilimponyoka, akatazama kando. "Niliona ni bora hivyo. Mwanao alisema wazi hanitaki. Mimi si mtu wa kuingia kati ya mtoto na mama yake. Nyumba ambayo mtoto amefunga mlango, mwanamume mwenye adabu anavaa viatu vyake na kwenda."

"Yoshiki alisema wazi, ndiyo. Na mimi nilisema nini?"

Seiji aliitazama ile pakiti ya samaki.

"Nakuuliza. Siku ile, mimi nilisema nini?"

"Wewe... wewe ulikuwa unamimina chai."

"Ehee! Nilikuwa namimina chai." Fumie alimsogelea hatua moja. "Ulikuja na suti yako, na tai yako, ukapiga magoti kwenye mkeka wangu mbele ya mwanangu niliyemzaa mimi. Ukamwomba yeye. Yeye akakataa. Wewe ukainamisha kichwa, ukaondoka. Hata ile chai hukuinywa. Mliongea juu ya maisha yangu kama watu wanaouziana gari. Hukuniuliza mimi, Seiji! Umeondoka na jibu la Yoshiki. Jibu langu hujalisikia mpaka leo."

Pale kwenye jokofu kila mtu alikuwa amegeuka. Hata mbandika stika alikuwa amesimama, stika imemganda kidoleni.

"Kweli, bwana?" aliuliza yule mama mwenye kofia. "Hukumuuliza?"

"Mama, samahani, haya ni mambo ya watu wawili," Seiji alisema, masikio yamemwiva.

"Ya watu wawili mbona mnayaleta kwenye samaki?"

"Waache, waache," alidakia mwenzake. "Samaki wamekufa tayari, hawana haraka."

Kicheko kilizunguka. Fumie alitaka ardhi impasukie. Alishika mpini wa kikapu chake kwa mikono miwili na kugeuka aondoke.

"Ngoja," alisema Seiji. "Usigeuke. Yaani geuka, lakini simama hapo."

"Unataka nini tena?"

"Una bei mgongoni."

Kile kikaratasi cha dukani! Kumbe tangu alipotoka kule dukani alikuwa ametembea mtaa mzima na bei inamning'inia shingoni. Fumie alifumba macho kwa aibu. Alisikia Seiji anatafuta mfukoni, kisha akasikia mlio mdogo wa mkasi, ule mkasi wa fundi asioachana nao. Vidole vyake viliinua nywele za kisogoni taratibu, kama anayeinua kitambaa cha thamani, na ule uzi ukakatika. Kitambo kidogo vidole havikuondoka. Fumie alihisi joto lake kwenye ngozi ya shingo, na mwili wote, tangu kisogo mpaka nyayo, ukamkumbuka mtu huyu aliyemshika mkono mara chache tu maishani.

"Tayari," alisema Seiji, kwa sauti iliyokwaruza.

Fumie aligeuka. Macho yao yalikutana kwa mara ya kwanza jioni ile, yakakaa.

"Nimefikia hosteli," alisema. "Ile nyumba ndefu iliyo nyuma ya duka la chai. Napika jioni hii. Ukija, njoo kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Yoshiki. Usipokuja, kesho napanda treni kurudi kwetu, na simu yangu hutaisikia tena."

Hakungoja jibu. Alikuwa karibu na keshia alipohisi mtu anamtilia kitu kikapuni. Ilikuwa ile pakiti ya samaki, na stika imebandikwa.

"Chukua hii," alisema mama mwenye kofia, akihema. "Nilikuwa nimeiwekea jicho mimi, lakini wewe una kazi nayo zaidi. Ipike na figili, tangawizi usiionee huruma. Atakuja huyo. Umeona anavyokutazama? Angekuwa samaki, angekuwa ameshajipika mwenyewe."

*

"Amekuambia atakuja?" aliuliza Natsuho.

"Hakusema kitu."

"Hata kutikisa kichwa?"

"Nilikuwa nimeshampa mgongo."

Natsuho alipiga ulimi. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, aliyeirithi ile nyumba kwa babu yake na kuigeuza hosteli, na alikuwa na tabia ya kuuliza wageni mambo waziwazi, kama jirani wa siku nyingi. Aliketi juu ya kaunta ya jiko, miguu yake yenye soksi nene ikining'inia. Kwenye meza ndefu alikuwapo Hinako, binti wa Sendai anayezunguka visiwa kwa baiskeli, nywele bado mbichi kutoka kuoga. Yeye ndiye aliyepewa kitanda cha juu ya kile cha Fumie.

Fumie alimenya figili. Walipomwuliza mbona analia, alisema ni tangawizi, na walipomwambia tangawizi haimlizi mtu, alicheka na kuwaeleza yote. Alivyokutana na Seiji kwenye soko la mafundi la Matsumoto, akanunua mkoba, mshipi ukakatika, naye Seiji akasafiri siku nzima kuja kuushona wakati angeweza kutumiwa kwa posta. Alivyoanza kumpigia simu. Habari zenyewe zilikuwa za kawaida kabisa, leo nimekula nini, kwenu kuna theluji, paka wa jirani amezaa.

"Na hayo maneno matamu alisema lini?" Hinako aliuliza.

"Hayo ndiyo yalikuwa matamu."

Hinako aliweka kidevu mezani. "Wangu mimi ananitumia vikatuni. Nikimwuliza kama ananipenda, ananitumia katuni ya sungura."

"Mwache huyo," walisema Fumie na Natsuho kwa pamoja, na wote watatu wakacheka mpaka mgeni mmoja akachungulia kuona kuna nini.

Samaki walianza kutokota katika mchuzi wa soya na sukari kidogo. Harufu ilijaa jikoni, ikatoka ukumbini, ikapanda ngazi. Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kelele zake za mbao, na Fumie akasimama na mwiko mkononi. Walikuwa wageni wawili wakirudi kutoka kutembea. Walivua viatu, wakasalimu, wakapanda juu. Akakaa. Mlango ukafunguliwa tena. Alikuwa mtu wa kuleta kifurushi.

Figili ziliiva. Mchuzi ukawa mzito. Natsuho aliangalia mlango, kisha akamwangalia Fumie.

"Basi," alisema Fumie hatimaye, akajilazimisha kutabasamu. "Chakula hakimsubiri mtu. Leteni bakuli zenu, mabinti."

"Hapana, Fumie-san, tungoje kidogo."

"Leteni. Sikuja Onomichi kupasha chakula moto."

Akapakua. Alipakua vizuri, kipande kizuri kwa kila mmoja. Alikuwa amewaza kwamba akikataliwa atavunjika, na sasa aliona kumbe havunjiki. Alikuwa amekuja, na lile lililomkaa kifuani tangu mwezi wa nne alikuwa amelisema mbele ya watu na jokofu la samaki. Lolote litakalokuwa, hakuna atakayemwambia tena kwamba alikuwa anamimina chai.

Mlango ulifunguliwa.

"Samahani kwa usumbufu," ilisema sauti kutoka ukumbini, salamu ya mgeni aingiaye nyumba ya watu. Kisha viatu vilisikika vikipangwa. Seiji alisimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa amevaa suti. Ile ile nyeusi ya mwezi wa nne, shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji.

"Nimechelewa," alisema. "Nilikuwa natafuta tai. Nimepekua nyumba nzima, sijaiona."

Hinako alitoa sauti ndogo kama paka aliyekanyagwa. Natsuho alimkanyaga yeye kweli.

"Suti ya nini kula samaki?" Fumie aliuliza.

"Siku ile nilivaa kwa ajili ya mwanao. Leo nimevaa kwa ajili yako."

Fumie alimwonyesha kiti, akamwekea bakuli. Mabinti walitaka kuondoka, lakini Fumie akasema kila mtu ale alipokaa, hili ni jiko la wote. Seiji alikula kwa uangalifu, mpaka ule mfupa wa shavu akaufyonza, na hapo tu ndipo akainua uso.

"Fumie, mimi..."

Simu ililia mezani. Jina la Yoshiki lilikuwa likiwaka katikati ya bakuli.

Seiji alisimama palepale, kama mwanafunzi aliyeona mwalimu. "Nitoke nje kidogo, uzungumze naye kwa nafasi."

"Kaa chini."

"Lakini mtoto..."

"Seiji. Kaa."

Akakaa. Fumie alipokea, na kwa kuwa simu yake alikuwa ameizoesha sauti ya juu, jiko zima lilisikia.

"Mama! Tangu mchana nakutafuta. Uko wapi?"

"Niko hosteli. Nakula."

"Hosteli? Umri wako unalala vitanda vya ghorofa na watoto wa chuo?"

"Kitanda changu kina pazia na taa. Nimekipenda."

"Mama, tusifichane. Uko kwa yule mshona mabegi, sivyo?"

"Yuko hapa mbele yangu. Ndiyo."

Pumzi ndefu ilisikika upande wa pili. "Baba ana miaka mitatu tu tangu atutoke. Miaka mitatu, Mama! Majirani watasema nini? Na ubani mbele ya picha ya Baba nani atauwasha asubuhi?"

Seiji aliinamisha kichwa. Fumie alimtazama yeye, kisha akaitazama simu, na alipozungumza sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotarajia.

"Yoshiki, nisikilize. Ubani wa baba yako nimeuwasha kila asubuhi, na nitauwasha popote nitakapoishi. Nilimpenda. Nilimuuguza kwa mikono hii mpaka mwisho, wewe mwenyewe uliona. Lakini mimi sikufa naye, mwanangu. Nimebaki hai, na sitakuomba msamaha kwa hilo, wala sitawaomba majirani."

Kwa mbali simuni mtoto mchanga alikuwa analia, na mke wa Yoshiki akimbembeleza.

Seiji alinyoosha mkono. "Nipe."

"Si lazima..."

"Nipe, tafadhali." Aliichukua simu kwa mikono miwili, akanyoosha mgongo. "Yoshiki-san, ni Murakoshi. Mwezi wa nne nilikuja kwako kuomba ruhusa. Nilimwomba mtu asiye mwenye jibu, na kosa hilo ni langu, si lako. Leo sikuombi, nakuarifu. Nikishakata simu hii nitamposa mama yako. Akikataa, nitamsindikiza stesheni. Akikubali, sitaondoka tena, hata ukinifungia mlango kila nikija. Nitakaa nje ya huo mlango. Ukitaka kunigombeza, njoo huku, nitakupokea kwenye treni, na chakula nitakupa kwanza."

Hinako alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono yote. Upande wa pili kilio cha mtoto kilikoma.

"Alikuwa anaimba," alisema Yoshiki.

"Samahani?"

"Mama. Ule mwaka mliokuwa mnapigiana simu, alikuwa anaimba jikoni anaposhuka asubuhi. Tangu wewe uondoke haimbi. Mke wangu kaniambia mara nyingi. Nikajifanya sisikii." Sauti yake ilikuwa nzito. "Sisemi nimekubali, Murakoshi-san. Bado ni ngumu kwangu."

"Najua."

"Nasema mwaka mpya aje nyumbani kama kawaida."

Fumie aliinamia simu. "Peke yangu?"

"...Wote wawili. Nitamwangalia vizuri. Na umwambie asivae ile suti, Mama. Siku ile ilimkaba mpaka nikamhurumia."

Seiji alijitazama kifua. Natsuho ndiye aliyeanza kucheka, Hinako akafuata, na hata Fumie, machozi yakimtiririka, akacheka mpaka akashika meza.

"Mbona watu wengi?" aliuliza Yoshiki. "Mama, uko na nani huko?"

"Na watu wangu wa hosteli. Lala salama, mwanangu. Mbusu mtoto."

Simu ilipokatika, Seiji alitoka kitini na kuanza kupiga magoti kwenye sakafu ya mbao. Fumie akamshika bega.

"Usiiname. Ukiinama natazama kisogo chako. Mimi nataka kuuona uso."

Basi akabaki amesimama, naye Fumie amesimama, bakuli tupu kati yao, na bega la Seiji bado chini ya mkono wake.

"Fumie," alisema. "Nina karakana moja na vyumba viwili juu yake. Napiga chafya jua likinipiga usoni, na nikishona nasahau kula. Nimekaa tangu mwezi wa nne nikijiita mwenye adabu, kumbe nilikuwa mwoga tu. Niliogopa kukuuliza, maana ungesema hapana nisingekuwa na pa kwenda. Sasa nakuuliza wewe. Utakuwa mke wangu?"

Maneno yale Fumie alikuwa ameyangoja katika majira mawili ya mwaka. Aliyaacha yakae kidogo hewani, ayaone.

"Uliza tena. Jiko lina kelele."

"Jiko liko kimya kabisa," Natsuho alinong'ona.

Seiji aliuliza tena, kwa sauti iliyofika vitanda vya juu. "Fumie! Utakuwa mke wangu?"

"Nataka," alisema Fumie. "Nataka sana. Ningesema hivyo hivyo mwezi wa nne, mjinga wewe."

Seiji alimshika mikono yote miwili, akaipeleka usoni mwake, akabaki hivyo, macho amefumba. Hinako alikuwa analia waziwazi na kujipangusa kwa taulo la nywele. Kutoka ngazini mtu alipiga makofi, mwingine akapokea, na Natsuho akatangaza kwamba bia ya jioni hii inatoka kwenye jokofu la nyumba.

"Ngoja, ngoja," alisema Seiji, akicheka na kulia kwa pamoja. "Kuna mtu mmoja ambaye akisikia kwa watu kabla yangu ataninyonga." Akapiga simu. "Dada Tomoe? Acha kunitafutia mchumba... Ndiyo, acha wote... Kwa sababu nimepata... Yeye mwenyewe, wa Matsumoto. Yuko hapa."

Ule ukelele uliotoka kwenye simu, Fumie aliusikia bila kuisogelea.

"Anasema nini?"

"Anasema nikulete sasa hivi, kabla hujabadilisha mawazo."

Tomoe Murakoshi, aliyemlea Seiji baada ya mama yao kufariki, alikuwa akiuza dagaa wakavu mtaa ule ule, na kuishi juu ya duka. Walitembea huko bega kwa bega chini ya paa la vioo, milango ya mabati ikishushwa huku na huku. Mwenye duka la nguo aliwapungia. Seiji alikuwa ameushika mkono wa Fumie mbele ya watu wote, jambo ambalo Fumie na marehemu mumewe hawakuwahi kufanya hata mara moja, na hakuuachia hata waliposalimiwa.

Walipokaribia, Fumie alipunguza mwendo. Alijaribu kukumbuka namna ya kujitambulisha kwa wifi, maneno ya heshima, kiasi cha kuinama. Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha. Mwanamke mfupi mwenye mvi na aproni alitoka mbio na ndara zimepishana, akamtazama Fumie kuanzia nywele mpaka viatu, macho yamejaa maji.

Hakumkaribisha kama mgeni. Alimpa ile salamu ambayo watu wa kule huwapa wa nyumbani mwao peke yao, jioni wanaporudi.

"Umerudi," alisema.

Fumie alisahau maneno yote aliyoyapanga. Alivua viatu, akavipanga mlangoni kando ya vyao, akapandisha mguu ndani.

"Nimerudi," alisema.